Mkwe, Hema na Mlima Usio na Paa

Yote yalianzia mfukoni mwa koti. Nauza nguo za mitumba sokoni Migori, na mtu wa kazi hii hujifunza mapema kupekua mifuko kabla ya kutundika nguo, maana wenye nguo zao kule ng'ambo ni watu wa kusahau. Nimewahi kupata funguo, peremende, hata meno ya bandia. Siku hiyo nilikuwa nimefungua beli la makoti ya baridi, yale mazito ambayo vijana wa boda boda huyagombania kwa ajili ya asubuhi. Nguo nzuri zinazochaguliwa kwanza sisi huziita kamera, na zinazobaki chini huitwa fagia. Koti hili la samawati halikuwa kamera wala fagia. Lilikuwa zima kabisa, ila lilitosha watu wawili. Ndani yake nikakuta picha ya mwanamke mzee, mnene kunishinda, ameanguka kwenye theluji miguu huku na huku, anacheka mpaka ufizi unaonekana.

Niliitazama ile picha hadi mteja akachoka kunisubiri, akaenda zake kwa jirani. Huyu mama ananizidi nini? Mwili wake mzito kuliko wangu, umri wake mkubwa kuliko wangu, na bado yuko kule juu anaangukia makalio na kufurahi. Wivu ulinishika palepale, na sioni haya kusema.

Lazima ujue kwamba theluji imenilisha miaka mingi. Suruali za theluji, zile zenye mikanda ya mabegani, nimewauzia waosha magari nikiapa kwamba zilishonwa kwa kazi hiyohiyo. Glavu zake nimemuuzia mwoka mikate. Kofia za kufunika uso wote ndizo nilizokataa kuuza, maana sikutaka polisi waje kuniuliza nani alinunua. Lakini theluji yenyewe sikuwahi kuiona, ukiacha ile inayoota kwenye friji ya muuza soda. Mtu auze sufuria maisha yake yote na hajawahi kuona ugali? Haiwezekani.

Basi Jumapili iliyofuata nikapanda gari kwenda Homa Bay kwa binti yangu, koti nimelibeba begani.

Hapa lazima nikueleze habari ya mkwe wangu, maana bila yeye hakuna hadithi. Anafanya kazi ya ofisi, ana miwani, ana shahada, na ana heshima iliyopita kiasi. Kwetu Waluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hiyo inajulikana, na mimi siipingi. Lakini huyu wangu ni mtu wa kuongeza sheria. Haniangalii usoni. Hakai kwenye kiti nilichotoka. Na ukiondoa salamu, ambazo huzitoa akiangalia sakafu, alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja tangu amwoe binti yangu. Kila neno lilipitia kwa mke wake. "Mwambie mama chai iko tayari." Na mama yuko hapohapo, anaiona chai, anasikia, ana masikio mawili!

Nilimcheka sana kwa hilo, ila si mbele yake. Binti yangu alikuwa amepoteza mimba mbili, na shangazi za mume walishaanza kunong'ona juu ya chira, ile laana inayomfuata mtu aliyevunja mila. Kijana wa watu alisikia, akaogopa, akajifunga kwa mila kuliko babu yake. Mimi ni Msabato na chira siiamini. Nasema hivyo mchana. Usiku huwa nanyamaza.

Tulipomaliza kula nikatandaza koti juu ya kochi na kusema, "Mwambie mumeo nataka kupanda Mlima Kenya."

Binti yangu alicheka hadi akashika mbavu. Mkwe wangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kama kawaida yake, alipaliwa na chai. Alijua ninachosema, kwa sababu yeye mwenyewe aliupanda mlima huo alipokuwa chuoni, na picha yake ya kileleni imetundikwa ukutani mwa sebule, juu ya kalenda ya parokia. Akakohoa, akafuta miwani, akamwambia mke wake, "Mwambie mama kwamba njia za kupanda ni nyingi."

Hakusema haiwezekani. Nikajua nimempata.

Kumbe kupanga safari ya mlima ni kazi kuliko kupanga harusi. Mkwe wangu alileta ramani, akaikunjua mezani, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yakiwaka. Alimweleza mke wake, mke wake akanieleza mimi, ingawa sote watatu tulikuwa tumeinamia karatasi moja. Kuna njia ya upande wa Sirimon, inayopendwa na watu wengi. Unalala kwenye nyumba za mlimani, vitanda vimepangwa kwa ghorofa, Mzungu juu, Mkenya chini, wote wanakoroma. Nikauliza, "Hiyo nyumba ina mapaa mangapi?"

Kidole cha mkwe wangu kikasimama juu ya ramani.

"Moja," akasema, akasahau kulipitisha jibu kwa mke wake.

Basi mila ndiyo iliyotuchagulia njia. Tungepanda kutoka upande wa Chogoria, ambako watu ni wachache na unalala kwenye mahema. Mimi na binti yangu hema moja, yeye hema lake. Mimi nilikuwa na sababu yangu pia, ambayo sikuisema. Sikutaka kupitwa na watoto wa watu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nahema kama kuku aliyefukuzwa. Kwenye njia isiyo na watu, aibu yangu ingebaki ya kwangu na Mungu.

Mkwe akapata namba ya kiongozi wa mlimani, mtu wa hukohuko, mwenye sauti ya mzaha. Nilichukua simu nikazungumza naye mwenyewe, sikutaka kutafsiriwa.

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Ya kutosha."

"Na magoti?"

"Mawili."

Akacheka. "Umewahi kupanda mlima wowote?"

"Nimewahi kubeba beli la nguo kutoka stage mpaka sokoni siku wachukuzi waligoma."

"Hiyo inatosha kuanzia," akasema, kisha akaacha mzaha. "Lakini kama unataka kushika barafu, mama, usikawie. Imebaki kidogo tu kule juu, na kila mwaka inapungua. Kuna mahali nilikanyaga barafu nikiwa kijana, leo ni mawe."

Maneno hayo yaliniingia mwilini. Nilikuwa nimedhani mlima ni kitu kinachokaa. Nikamwambia tutaenda mwaka huohuo, wakati wa kiangazi, hata kama nitapandishwa kwa mkokoteni.

Tukapanga. Kiongozi alisema siku ya tatu lazima tupumzike kando ya ziwa moja dogo, ili miili izoee hewa nyepesi. Nikamwambia siku ya tatu itakuwa Sabato, kwa hiyo tutaanza kupanda Alhamisi. Akasema hajawahi kuona mteja anayepanga urefu wa mlima kwa Biblia. Nikamwambia Mungu ndiye aliyeupanga, mimi nafuata tu. Mkwe wangu, ambaye ni Mkatoliki, aliuliza kupitia kwa mke wake kama Jumapili nayo ingeweza kuheshimiwa. Tukajibu kwamba Jumapili atasali akitembea.

Chakula nacho kilileta ubishi. Kiongozi alitaja makaroni na supu ya pakiti. Nikasema nitabeba omena wa kukaanga, dagaa wetu wa ziwani, mwepesi, mwenye nguvu, na njugu. Ugali alinikatalia, akasema maji ya kule yanachemka kabla hayajapata moto wa maana. Hilo nilikubali kwa shingo upande. Alinifundisha pia kwamba chupa ya maji hulazwa kichwa chini usiku, kwa sababu barafu huanzia juu, na asubuhi ukiigeuza unapata ya kunywa. Niliwahadithia wenzangu sokoni, wakaniangalia kwa huruma.

Vifaa nilivitoa mimi. Hapo nilitamba! Watu hununua hivi vitu mijini kwa bei ya ng'ombe, mimi navipata chini ya beli. Suruali za mikanda tatu, soksi nene, mifuko ya kulalia miwili, na siku moja, Mungu si Athumani, hema kubwa la rangi ya chungwa, limekunjwa vizuri na vigingi vyake vyote. Mkwe wangu alilisimamisha uani kwake Homa Bay, akalizunguka, akalipapasa mishono. "Mwambie mama," akasema, "hili ni hema la kweli." Nilijisikia kama nimepewa shahada.

Mazoezi tulifanyia Got Asego, kile kilima kilichosimama juu ya mji wa Homa Bay. Mwinuko wake mkali, na ukifika juu unaliona ziwa lote limelala. Nilikuja kila Jumapili. Mkwe wangu alisema lazima nizoee kupanda na nguo za mlimani, basi nikapanda nikiwa nimevaa suruali ya theluji. Katika joto la Homa Bay! Jasho lilichuruzika hadi kwenye viatu. Akina mama waliokuwa wakichuma mboga chini ya kilima wakaniuliza, "Mama, hiyo ni dawa ya nini?" Nikawajibu ni ya kupunguza umbea. Jumapili iliyofuata niliwakuta wawili wanapanda nyuma yetu.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya mvua. Tulikuwa karibu na kilele, mimi mbele, binti yangu katikati, mkwe nyuma kabisa, wingu likatoka ziwani likatukuta. Ilikuwa mvua ya matone makubwa, na upepo juu yake. Pale juu palikuwa na kibanda kitupu cha mabati, kidogo tu, cha watu watatu waliobanana. Binti yangu akakimbia akaingia. Mimi nikasimama nje, nikimwachia mkwe wangu nafasi, nikifikiri, mtoto wa watu asije akapata homa kwa ajili yangu. Yeye naye akasimama nje upande wa pili, akiniachia mimi. Desturi inasema kulala, haisemi kujikinga mvua. Lakini nimeshakwambia yeye ni mtu wa kuongeza sheria, na mimi nina kiburi changu.

"Mama, ingia!" binti akapiga kelele.

"Mwambie aingie yeye kwanza!"

"Anasema wewe kwanza!"

Hivyo tukasimama, mama mkwe mashariki, mkwe magharibi, mvua ikitupiga sote wawili, na kibanda kikavu kabisa katikati, binti yangu ndani yake akicheka na kulia kwa pamoja. Mvua ilipokatika tulishuka. Viatu vyangu viliimba njia nzima.

Binti yangu hana kifua. Jioni ileile alimsimulia kiongozi kwenye simu, na kiongozi hakucheka. Aliomba kuzungumza nami.

"Mama, huku kwetu hiyo ni kifo," akasema. "Hema linaweza kupasuliwa na upepo. Mtu anaweza kulowa na kuganda kabla hujamaliza kumwambia karibu. Dhoruba ikija, wote wanaingia hema moja, awe mkwe, awe askofu. Msiponiapia hilo, siwapeleki."

Mimi niliapa mara moja, tena nikaongeza na amina. Mkwe wangu alitazama sakafu. Binti yangu akamwambia, "Apa basi." Akasema atafikiria. Nilimwona akiangalia tumbo la mke wake, mara moja tu, haraka, kisha akatoka nje kwenda kuzibua mifereji ambayo haikuwa imeziba.

Sababu yake niliijua baada ya wiki chache. Binti yangu alikuwa na mimba tena. Walikuwa wameificha, hata kwangu, kwa kuogopa kuitaja.

Furaha niliyopata siwezi kuieleza, nilipiga kigelegele hadi mbwa wa jirani wakabweka. Lakini nikirudi Migori, nimeegemeza kichwa dirishani, nilijikuta nafikiria mlima. Binti hawezi kwenda. Bila yeye katikati, nani atampitishia mkwe maneno? Nani atalala nami? Na sasa mkwe wangu asingeapa hata kwa kisu shingoni. Aliogopa kwamba akikosea mila hata kidogo, mtoto huyu naye ataondoka.

Wiki mbili nilikuwa na hasira, nikawauzia watu vibaya. Kisha mtaka cha mvunguni nikainama. Nikampigia binti yangu simu. "Mwambie mumeo hivi: yeye apande upande wa Sirimon, kwenye zile nyumba zenye watu wengi. Mimi nitapanda upande wa Chogoria na hema langu na kiongozi wangu. Tutakutana kileleni. Mwulize, kileleni kuna paa?"

Nilisikia anamwuliza. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu waoane. Mkwe wangu alikuwa anacheka, kicheko kikubwa cha mtu mzima, kimetoka tumboni.

"Anasema hakuna, mama," binti akaniambia. "Anasema umemshinda. Tena nakuomba umchukue haraka, ananichunga kama yai, sipumui."

Shangazi mmoja wa mkwe wangu angekuja kukaa na binti kwa hiyo wiki moja. Kiongozi alipoelezwa, alisema ameshapandisha wanandoa waliogombana, wafanyabiashara waliodhulumiana, lakini hawa wa kupanda mlima pande mbili kwa sababu ya paa ndio wa kwanza. Alitafuta mwenzake wa kumpandisha mkwe. Siku zikapangwa upya. Nikafunga begi. Ile picha ya mama wa theluji niliitia kwenye mfuko uleule nilikoikuta, ili nimwonyeshe huyo mama kwamba nami nimefika.

Wiki moja kabla ya Alhamisi yetu, daktari alimwambia binti yangu asisimame tena. Alale chini mpaka siku ya kujifungua, na mtu awe karibu naye, mchana na usiku.

Yule shangazi aliposikia ni miezi, si wiki, alikumbuka kwamba ana kuku. Mama mzazi wa mkwe wangu hatembei. Mkwe ana kazi. Binti yangu alinipigia mwenyewe, sauti nyembamba. "Mama, najua mlima wako. Lakini nataka uwe karibu. Hata usiku."

Nilimwambia nakuja. Kisha nikaketi juu ya beli nikalia, na sitasema nililia kwa ajili yake tu. Nililia kwa ajili ya barafu. Nilimkasirikia mtoto ambaye hajazaliwa, kiumbe kisicho na hata jina, Mungu anisamehe. Nikampigia kiongozi. Hakunilaumu. Alisema, "Sawa, mama. Kaa na mtoto." Hakusema barafu itanisubiri, maana si mwongo.

Nilifika Homa Bay jioni na begi langu la mlimani, kwa kuwa ndilo lililokuwa limefungwa tayari. Njia nzima nilikuwa nikiwaza nitalala wapi. Nyumbani mwake siwezi. Gesti ni mbali na ukuta wa mwanangu. Nilipoingia uani nikasimama. Hema la chungwa lilikuwa limesimamishwa chini ya dirisha la chumba cha binti yangu, karibu kabisa, kiasi kwamba mtu akinyoosha mkono kutoka kitandani angeligusa. Vigingi vimekazwa. Ndani, mfuko wangu wa kulalia umetandikwa, taa ya kichwani imetundikwa, na chupa ya maji imelazwa kichwa chini.

Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia miguu yake. "Mwambie mama," akasema kuelekea dirishani, "kwamba hiyo chupa ni mzaha."

Niliishi kwenye hema hilo miezi yote iliyobaki. Majirani walifikiri nimefukuzwa Migori. Mchana nilikaa na binti yangu ndani, nikampikia, nikamwosha, nikamtukana alipotaka kunyanyuka. Usiku nilitoka, nikaingia hemani, tukazungumza kupitia dirisha hadi usingizi umchukue. Mfuko ule ulishonwa kwa baridi ya kuua, na mimi niko kando ya ziwa na mbu! Nilikuwa naulalia, siingii ndani. Asubuhi nilifungua zipu, nikaona Got Asego pale mbele, nikaisalimia kwa jina la mlima mwingine.

Kisha likaja lile wingu. Lilitoka ziwani magharibi, jeusi, kabla hatujawasha taa. Upepo uling'oa vigingi viwili kwa mpigo, na maji yakaingia hemani kama nimeyaalika. Nilikuwa ndani nikikusanya vitu vyangu kifuani, nikiapa kwamba sitatoka, kwani nitakwenda wapi? Zipu ikafunguliwa. Mkwe wangu alikuwa nje, amelowa chapachapa, bila miwani.

"Mama," akasema. "Ingia ndani."

Hakumwambia mke wake aniambie. Aliniambia mimi, machoni.

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa."

"Hapa pana maji, wewe!"

"Ingia, mama. Anakuita."

Ilikuwa kweli, binti alikuwa akiniita. Nikatoka. Nikamvua lile shati lililoganda mwilini, nikamvika koti la samawati na suruali ya theluji kwa mikono yangu, nikimfunga vifungo kama mtoto wa chekechea, na yeye akasimama akafungwa. Halafu mimi nikaingia nyumbani mwake, na yeye akaingia hemani mwangu. Nililala chini, kando ya kitanda cha mwanangu, kwenye sakafu kavu, nikisikia kupitia dirisha jinsi mkwe wangu anavyokung'uta maji nje kwa sufuria. Safari hii ile nafasi ya kibandani haikubaki tupu.

Asubuhi alitoka hemani akaenda kazini amechelewa, na jirani mmoja aliyemwona akitoka na suruali ile aliuliza kama ofisi imehamia Ulaya.

Mtoto alizaliwa salama. Msichana, mzito, mwenye sauti ya kuuza sokoni. Niliitwa hospitalini nikiwa na matope ya uani miguuni, nikamshika, nikamwomba radhi kimyakimya kwa ile hasira yangu. Alinijambia mkononi. Nikaona tumeelewana.

Juzi kiongozi alinipigia. Nilikuwa Homa Bay, nimekaa uani kando ya hema ambalo bado halijang'olewa, maana mjukuu anaipenda rangi yake.

"Mama, bado unaitaka barafu?"

"Bado ipo?"

"Kidogo. Njooni kiangazi hiki. Lakini sharti langu ni lilelile. Njia ile haina watu, dhoruba ikija hamna wa kuwasaidia. Wote hema moja. Mkwe wako ataapa?"

Nilikuwa tayari kumjibu kwamba sisi tutabadilishana, mmoja aingie mwingine atoke, tumeshazoea. Nikafungua mdomo. Mkwe wangu alikuwa mlangoni, binti yake amelala begani kwake, mate yakimtiririka kwenye shati la ofisi. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu simu yangu hupiga kelele.

"Mama," akasema, "mwambie nitaingia."

Nikamwambia.